Gari Yako Ukae Nayo Mpaka Lini? Hesabu ya Sisi Watu wa Mombasa

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, manake watu mtaani wanajua gari yangu ni ile ile tangu 2015. Toyota Fielder ya mwaka 2008, niliitoa yadi hapa hapa mjini, wakati huo bado ilikuwa ndani ya ile sheria ya miaka 8 ya gari za mtumba kuingia nchini, na mpaka leo naamka nayo Likoni kwenda kazini Shimanzi. Wengine wananiambia iuze kabla haijakufia mikononi, wengine wananiambia shikilia hapo hapo, gari kama hizo haziji tena, na wote wanasema kwa mapenzi lakini ukiwauliza hesabu hakuna.

Mimi hesabu ninayo. Nimeiandika, nikakosea, nikaiandika tena, na nataka mtu wa hapa aichukue aitumie kwa gari yake, kwa sababu ushauri mwingi tunaoupata umetoka bara na kule bara mambo ni mengine. Mtu wa Nakuru anaweza kukaa na gari mpaka injini yenyewe iseme basi. Sisi hapa injini inaweza kuwa nzima inanguruma vizuri kabisa na gari ikawa imekwisha, manake kinachoua gari Mombasa ni chumvi, na chumvi inaanzia chini pale ambapo huangalii. Kwa hivyo ukiniuliza miaka mingapi sitakupa namba, nitakwambia twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: fungua daftari leo, gari ikiwa nzima

Kosa kubwa la watu ni kuamua siku gari imewaweka barabarani. Uko pale Makupa saa nane mchana, boneti iko juu, radieta inatoa moshi, matatu nyuma zinakupigia honi, hapo kila gari iliyoko yadi inaonekana ya peponi na yako unaiona takataka. Usiamue siku hiyo. Wala usiamue siku imetoka kuoshwa inang'aa na mtu amekusifia, hiyo pia inadanganya.

Chukua daftari ama andika kwa simu, kila pesa inayoingia kwenye gari: tarehe, kilomita, kilichofanywa, pesa ngapi. Kama hujawahi kuandika usife moyo, itisha steitimenti ya M-Pesa ya miezi 12, pitia moja moja pesa ulizomtumia fundi wako, duka la spea, mtu wa esii, mtu wa tairi, na karibu yote utayapata humo. Mimi nilivyofanya hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, manake nilikuwa naamini natumia kama elfu 40 kwa mwaka na ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. Zile pesa zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vya kulika, yaani tairi, brekipadi, oili, filta, plagi, bushi, betri. Hivyo hata ukinunua gari iliyoshuka melini jana vitakudai vile vile, na betri hapa kwetu na hili joto haikai sana hata uifanyeje, kwa hivyo usiihukumu gari ya zamani kwa sababu ya betri. Fungu la pili ni vitu vya kuvunjika: giaboksi, gaskiti ya kichwa, kompresa ya esii, pampu ya usukani, mambo ya waya. Fungu hili la pili ndilo linakwambia gari inazeeka, na ndilo tutalitumia kwa hesabu huko mbele.

Hatua ya pili: lala chini ya gari

Hii usimwachie mtu. Fundi akuinulie gari kwa jeki na aweke vigingi vizuri, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, halafu uingie na tochi na bisibisi.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilitandika mkeka wa zamani nikaingia. Nikashika bisibisi kinyume, nikawa nagonga kwa mpini ule ubavu wa chini ya milango, kuanzia mbele. Ko, ko, ko, chuma kinaitika. Nimefika karibu na tairi la nyuma upande wa abiria, sauti ikabadilika, ikawa nzito haina mlio, kama unagonga kadibodi iliyolowa. Nikageuza bisibisi nikasukuma kwa ncha, sikutia nguvu hata kidogo, ikaingia kama kisu kwenye papai bivu, na unga mwekundu ukanimwagikia shingoni. Kwa nje pale palikuwa na rangi safi kabisa, hata kipele hakuna. Hiyo gari ningekuja kukuuzia ungenilipa bila kuuliza.

Kwa hivyo gonga kila mahali: ubavu wa milango, ndani ya matao ya tairi, pale jeki inaposhika, pale shoki za nyuma zinapofungwa juu, sakafu ya buti chini ya spea tairi, na ile fremu iliyobeba injini. Halafu fuata vipaipu vya breki kwa kidole na tochi kutoka mbele mpaka nyuma. Kutu ya juu juu, ile ya kusuguliwa ikatoka chuma kikaonekana, hiyo usiogope, safisha paka dawa. Kutu ya shimo inategemea iko wapi. Yangu ilikuwa kwenye ubavu, haikufika pale jeki inaposhika wala kwenye mguu wa gari, nikampelekea fundi wa kuchomelea akakata akatia bati jipya. Lakini shimo likiwa pale shoki inaposhika ama kwenye fremu, mimi naona safari imeishia hapo, usitie hata shilingi ya kupaka rangi. Na paipu ya breki ikiwa imevimba kutu hiyo ni ya kubadilisha siku hiyo hiyo, ukae na gari ama usikae nayo.

Chumvi inatoka wapi? Sisi wa Likoni tunajua, feri. Siku za bamvua unaingia feri tairi zinakanyaga maji ya bahari, na ukipangwa mbele kabisa upepo unakurushia rasharasha mpaka ng'ambo. Siku hizi nikiwa na safari ya kwenda Miritini nazungukia barabara ya Dongo Kundu isiyopanda feri, mwendo ni mrefu lakini tumbo la gari linabaki kavu. Wa Nyali na Bamburi wanaolaza gari nje karibu na ufuo nao wako hapo hapo, hasa wakati wa kusi.

Na kuna chumvi nyingine watu hawaifikirii, maji ya kuoshea. Visima vingi hapa Mombasa maji yake ni ya chumvi na kuna sehemu za kuosha gari zinatumia maji hayo hayo, yaani unalipa ili utiwe chumvi mpaka ndani ya milango. Nawa mkono na maji yao uuache ukauke juani, ukiona weupe ondoka. Gari iliyovuka feri imwagie maji matamu chini, sio juu, chini, hata ndoo 3 tu zinasaidia. Maji ya kisima kwenye radieta pia hapana, tia kulanti. Na lile jambo la kupuliza oili chafu chini ya gari eti inazuia kutu, sikushauri, inaenda kulainisha bushi na mipira yote, miezi michache gari inaanza kugonga.

Ukaguzi huu ufanye mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu kabla ya masika na mwezi wa kumi kusi ikishatulia.

Hatua ya tatu: linganisha mwaka kwa mwaka

Watu wanalinganisha bei ya kutengeneza na bei ya gari, "mimi siwezi kutia elfu 80 kwenye gari ya laki 5". Hiyo hesabu sio. Unatakiwa ulinganishe mwaka mmoja wa kukaa na hii na mwaka mmoja wa kukaa na ile nyingine. Nitatoa mfano, namba hizi ni za mfano tu, wewe weka zako.

Gari ya zamani. Dalali leo anakupa 550,000. Mwakani ukiangalia zinazofanana nayo sokoni itakuwa kama 500,000, kwa hivyo mwaka umekula 50,000. Fungu la pili la daftari, vya kuvunjika, 85,000. Bima ya thadipati, ile ya kulipia wengine tu, tuseme 8,000. Jumla 143,000.

Gari ya yadi. Wanataka 1,450,000. Umeuza yako 550,000 umebakisha pengo la 900,000, unakopa. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ile inayohesabiwa kwa deni lililobaki, miaka 4, utalipa kama 25,000 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa kama 1,202,000, yaani riba peke yake ni laki 3 na kitu. Gawanya kwa miaka 4 ni 75,000 kwa mwaka. Bima lazima iwe ile kubwa inayolipia na gari yako mwenyewe, maana aliyekukopesha hatakubali thadipati, tuseme asilimia 4 ya bei, 58,000 mwaka wa kwanza. Halafu ukija kuiuza baada ya miaka 4 kwa 950,000 itakuwa imeshuka laki 5, sawa na 125,000 kwa mwaka. Jumla 258,000.

Toa moja kwa nyingine unapata 115,000. Hiyo 115,000 iandike kwa wino mwekundu mbele ya daftari, manake ndiyo nafasi yako ya kupumua. Gari ya zamani inaweza kukuharibikia kwa 115,000 zaidi ya ilivyoharibika mwaka jana na bado mkawa sawa sawa na gari ya yadi. Ukigawa kwa miezi 12 ni kama 9,600 kwa mwezi.

Kama una pesa taslimu huna riba, sawa, lakini hizo laki 9 zilikuwa kwenye sako, chama cha akiba na mikopo, zinakuletea gawio, kwa hivyo weka gawio utakalokosa mahali pa riba. Na kama gari ni ya kazi, teksi ama ya kubebea mizigo ya duka, kila siku inayolala gereji andika pesa ambazo hukuingiza, manake hiyo ni gharama kama spea tu. Wa teksi za simu waangalie pia umri wa gari unaokubaliwa na programu yao, hapo hesabu zote zinaweza kupinduka mara moja.

Hatua ya nne: ukija ule uharibifu mkubwa mmoja

Kila gari ya zamani itakuletea siku moja bili moja nzito. Usiangalie ukubwa wake, angalia itakununulia miezi mingapi. Mimi 2021 giaboksi ilianza kuvuta kwa kuchelewa nikitoka kwenye mlima, halafu ikawa inatetemeka kwenye foleni, ikabidi nitie nyingine ya mtumba kutoka Japani, na oili yake na kazi ya fundi ikafika 80,000. Imeshanipa zaidi ya miezi 40, hiyo ni chini ya 2,000 kwa mwezi. Weka mbele ya ile 9,600 uone.

Lakini nitasema ukweli, siku ile niliitia bila kwanza kuangalia chini, na kama ule uozo ungekuwa kwenye fremu ningekuwa nimefunga giaboksi nzuri kwenye gari iliyokufa. Ndio maana hatua ya pili iko mbele ya hii. Tumbo kwanza, halafu injini. Tumbo likiwa zima tengeneza, tumbo likiwa limeoza hata giaboksi ya bure usifunge.

Bili ya pili nzito ikija ndani ya miezi 12 baada ya ya kwanza, hapo simama. Usiseme "nimeshatia 80,000 siwezi kuiacha sasa", ile 80,000 imeshaenda, iangalie gari kama vile umeiona leo kwa mara ya kwanza. Na gaskiti ya kichwa ikiungua uliza kwanza ni nini kilichoifanya injini ichemke, manake mafundi wengine wanatoa themostati wanasema hapa ni joto haina kazi, sio kweli, inafanya injini isikae kwenye joto lake na shida inarudi kwa mlango mwingine.

Hatua ya tano: swali la Mtito

Hili halina namba. Jiulize, usiku wa leo ukipigiwa simu kuna msiba Nairobi, utawatia mamako na watoto ndani ya hiyo gari uende, ama roho itakuwa juu mpaka Mtito Andei? Ni karibu kilomita 480, na kutoka hapa usawa wa bahari unapanda mpaka mita 1,600 na zaidi, malori pande zote mbili, na ukitoka tu mjini mlima wa Mazeras unakupima.

Ukijibu ntaenda bila wasiwasi, kaa nayo. Ukijibu hapana, jua ni kitu gani hasa unachokiogopa. Kama ni tairi na bushi, badilisha, sio sababu ya kuuza gari. Kama ni breki, fremu, usukani, ama taa ya eabegi inayowaka haizimi, na fundi mzuri ameshajaribu mara mbili, basi hata kama hesabu ya hatua ya tatu inasema kaa, mimi nasema toka. Mkokotoo wangu haujui watoto wako.

Hatua ya sita: angalia soko kabla hujatangaza

Gari hapa Kenya zinasomwa kwa namba ya usajili. Mtu hajaangalia hata injini ameshaona herufi, KCD hii, KDA ile iliyoanza 2020, na bei ameipanga kichwani. Kwa hivyo kila herufi mpya zikitoka yako inasogea nyuma, lakini gari ikishakuwa ya zamani inashuka polepole, mteremko mkali uko mwanzoni. Anayebadilisha kila miaka 3 analipa mteremko huo kila mara. Mimi naona mtu wa kawaida akitoa gari yadi akae nayo si chini ya miaka 7 kama tumbo linaruhusu.

Kuna mpaka mmoja wa kuuangalia, bima. Kampuni nyingi zinaanza kusita kutoa bima kubwa gari ikikaribia miaka 12 mpaka 15, na mnunuzi wa mkopo hawezi kununua gari isiyopata bima hiyo, kwa hivyo ukivuka hapo unabaki na wanunuzi wa taslimu peke yao. Ulizia ajenti wako mwaka wenyewe.

Halafu bei ya gari mpya kwako inapangwa na vitu viwili visivyo mikononi mwako. Dola, manake gari inalipiwa kwa dola: mwanzo wa 2024 ilifika karibu shilingi 160, katikati ya mwaka huo huo ikarudi kama 130, yaani gari ile ile tofauti ya malaki. Na ushuru, bajeti inasomwa Juni na mabadiliko mengi yanaanza Julai 1, kama 2023 ushuru wa forodha wa gari ulivyopanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Ikiwa umeshaamua kubadilisha usipitishe mwezi wa sita bila kusikiliza.

Ukinunua ya mtumba ya hapa nchini, tafuta iliyoishi bara, chini inakuwa safi. Kubadilisha gari yako na nyingine ya umri huo huo iliyolala Mtwapa miaka 9 ni kununua kutu ya mtu mwingine. Na hata ya Japani ingia chini, manake kule kaskazini kwao, Hokkaido na sehemu za theluji, barabara zinamwagwa chumvi wakati wa baridi na gari nyingine zinashuka Kilindini zimeshaliwa.

Hatua ya saba: ukiuza, uza kwa haki

Mwoneshe mnunuzi daftari, mwoneshe na pale palipochomelewa. Kumficha mtu aibu ya kitu unachomuuzia sio halali, na kwa gari ni roho za watu. Mimi najua nitakosa elfu 20 ama 30 kwa kusema ukweli na nimeshazitoa kwenye hesabu yangu tangu mwanzo.

Usimpe mtu gari kwa logibuku ya mkono, eti atabadilisha akipata nafasi. Badilisheni umiliki kwa akaunti ya NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, siku hiyo hiyo pesa ikishaonekana kwenye benki yako, sio kwenye picha ya simu yake. Bila hivyo gari ikigonga mtu Mariakani mwaka ujao anayetafutwa ni wewe. Andikianeni karatasi ya mauzo yenye tarehe na saa, chukua kopi ya kitambulisho chake, toa vitu vyako vyote ndani mpaka chini ya viti, halafu pigia ajenti wa bima umwambie gari imeuzwa asimamishe, na umuulize kama kuna salio la miezi iliyobaki, manake mara nyingi lipo na watu hawaulizi.